Bahati Yenye Mwenyewe

Wahenga walisema kuwa kupata si kwa werevu na kukosa si ujinga. Methali hii ina rehema mbili ndani yake. Humwondolea maskini aibu ya umaskini asioutaka, na humwondolea tajiri kiburi cha utajiri ambao hakuupata kwa akili yake peke yake. Tangu zamani imewatuliza wakulima walionyimwa mvua, wavuvi waliorudi na nyavu tupu, na wafanyabiashara waliopotewa na mali njiani. Lakini methali njema, kama dawa njema, yaweza kunywewa kwa ugonjwa usiokuwa wake. Katika nchi ya almasi na dhahabu, kutoka Shinyanga mpaka Geita, maneno haya husemwa penye kinywa cha shimo la mchimbaji, na husemwa vile vile mbele ya mashine ya kamari. Swali linalostahili kupimwa ni hili: je, maneno haya ni ya kweli katika sehemu zote mbili?

Nchi hiyo imezoeana na bahati kuliko nchi nyingi. Dhahabu ya Geita ilijulikana kwa Wajerumani tangu 1898. Mgodi mkubwa ulifanya kazi huko katika siku za ukoloni, ukafungwa mwaka 1966, na mwingine ukafunguliwa mwaka 2000. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza kazi mwaka 2001. Ule wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulianza mwaka 2009, na uzalishaji wake ukakoma mwaka 2021. Kandokando ya migodi ya makampuni wapo wachimbaji wadogo, Nyarugusu, Rwamgasa na kwingineko, ambao hushuka katika maduara yao kwa kamba, wakachimba kwa sururu, tindo na nyundo. Wengi wao hawana mshahara. Ujira wao ni fungu la mawe yaliyotolewa shimoni. Mawe yakiwa na dhahabu, wamelipwa. Yakiwa matupu, ujira wao ni uchovu.

Mahali penye watu wa namna hii hapakosi miji ya namna yake. Katoro, Kahama na Geita ni miji inayopokea wageni kila siku: wachimbaji, wanunuzi wa dhahabu, madereva, mafundi na wachuuzi. Nyumba za kulala wageni ni nyingi, na si chache kati yake ambazo ujenzi wake hauishi. Mwenye nyumba hujenga anapopata, husimama anapokosa, na nondo zinazochomoza juu ya dari hungoja ghorofa ambayo bado iko katika mawazo yake.

Ichukuliwe kwa mfano nyumba moja ya namna hiyo, isiyo na jina, iliyo katika matengenezo. Chumba ni cha bei nafuu, maana dari yake haijafunikwa, bomba la maji halijaunganishwa, na ngazi ya fundi imelala katika ujia. Mchana nyundo hazimpi mgeni nafasi ya kupumzika. Usiku vumbi la saruji humfuata kitandani. Mgeni halalamiki, kwa sababu amelipa kidogo, na mwenye kulipa kidogo hujifunza kuvumilia mengi. Lakini chini, karibu na mlango wa kuingilia, kipo chumba kimoja kilichokwisha kabisa. Sakafu yake ina vigae, taa zake hazizimiki, na umeme ukikatika jenereta hunguruma mara moja. Hicho ndicho chumba cha mashine za kamari, zile ambazo watu wa mitaani wameziita dubwi. Choo hungoja fundi, mashine haingoji.

Katika nyumba hiyo amefika mchimbaji mmoja, ambaye pia ni wa mfano. Baada ya miezi ya taabu duara lao lilitoa, fungu lake la mawe lilisagwa, dhahabu ikauzwa, na fedha zikawa mfukoni. Amekuja mjini kulala siku mbili. Ana nia ya kununua bati za nyumba ya mama yake, kulipa deni la dukani, na kumpelekea mkewe matumizi. Siku ya tisa bado yumo humo. Bati hazikununuliwa, deni halikulipwa, na bei nafuu ya chumba imekuwa ghali kuliko bei ya chumba chochote mjini. Akiulizwa hujibu kwa utulivu wa mtu aliyezoea hasara: kupata si kwa werevu, na kukosa si ujinga. Kesho, asema, atapata.

Mtu huyu huhukumiwa upesi. Wengine humwita mvivu, lakini mvivu hashuki katika shimo lenye giza kwa miezi. Wengine humwita mpumbavu, lakini katika kazi yake ajua mambo ambayo wanaomcheka hawayajui: husoma rangi ya mwamba, husikiliza sauti ya jiwe, na hutambua hewa iliyochafuka kabla haijamwua. Wengine husema ana tamaa. Tamaa ipo, kwani nani hana? Lakini tamaa peke yake haimwelezi mtu huyu. Lazima hukumu itafute sababu nyingine.

Wapo pia watetezi wa mashine, na hoja yao haifai kupuuzwa. Husema kuwa shimo nalo ni kamari, tena kamari iliyo mbaya zaidi. Mashine hula fedha. Shimo hula watu. Mwezi wa Oktoba 2015 wachimbaji 6 walifukiwa katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama, na 5 kati yao walitolewa hai baada ya siku 41. Nchi nzima ilistaajabu kwa wokovu wao. Ikiwa jamii humsifu mtu anayeweka rehani pumzi yake kwa ajili ya jiwe asiloliona, yawezaje kumlaumu anapoweka rehani sarafu zake kwa ajili ya picha anazoziona? Mkulima naye hutupa mbegu ardhini bila ahadi ya mvua. Mvuvi hutupa nyavu. Maisha yote, wasema watetezi hao, ni mchezo wa kubahatisha.

Hoja hii ina nusu ya kweli. Ni kweli kwamba bahati iko kila mahali. Si kweli kwamba bahati zote ni za aina moja. Bahati ya shimo haina mwenyewe. Mwamba haukuficha dhahabu ili mchimbaji akose. Wala haukuiweka ili apate. Haumjui, haumpendi, haumchukii, na hafaidiki mtu kwa kuwa mwamba ni mtupu. Mchimbaji na mwenye duara wakikosa, wamekosa pamoja. Bahati ya mashine ina mwenyewe. Alikuwapo mtu aliyeketi akaihesabu kabla mchezaji hajazaliwa, pengine. Na mchezaji akikosa, yupo aliyepata kwa kukosa kwake.

Hesabu hiyo si siri ya wachawi. Mwaka 1654 wataalamu wawili wa Ufaransa, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya namna ya kugawana fedha za mchezo uliokatizwa kabla ya kwisha, na katika barua hizo elimu ya kupima bahati ilipata msingi wake. Tangu hapo mwenye nyumba ya kamari hana haja ya kubahatisha. Mfano mwepesi ni gurudumu la kamari linalotumika Ulaya. Lina nambari 37, kuanzia sifuri mpaka 36. Mtu akiweka shilingi 1,000 juu ya kila nambari, atakuwa ametoa shilingi 37,000. Nambari moja itashinda bila shaka, naye atarudishiwa shilingi 36,000. Shilingi 1,000 imebaki kwa mwenye gurudumu, wala hakuna aliyedanganya, wala gurudumu halikuharibika. Mchezaji mmoja aweza kuondoka na mali leo. Wachezaji wote pamoja, katika siku zote pamoja, hawawezi. Katika mashine hesabu ya namna hiyo imo ndani ya programu yake, na mchezaji haioni. Gurudumu angalau laweza kuhesabiwa kwa macho. Mashine huonyesha picha zake na kuficha hesabu zake.

Hapa ndipo tofauti kubwa inapoonekana, nayo inahusu uvumilivu. Mchimbaji akichimba mita 10 bila kuona kitu, hajapoteza kila kitu. Jiwe alilolitoa limekwisha kutoka. Halirudi usiku kumngoja asubuhi. Amejua kuwa mkanda haupo upande huu, na ujuzi huo ni mali. Kila pigo la nyundo humpunguzia kazi iliyobaki, hata kama kazi hiyo haina mwisho mwema. Kwa hiyo asemapo "bado kidogo," usemi wake una maana. Yaweza kuwa anakosea, lakini hazungumzi upuuzi.

John Williamson, msomi wa elimu ya miamba kutoka Kanada, alikuwa mtu wa "bado kidogo." Alitafuta almasi katika nchi ya Wasukuma kwa miaka kadhaa, fedha zikimpungukia, mpaka mwaka 1940 alipoukuta mwamba wa Mwadui. Mwaka 1947 mgodi wake ulitoa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, ambayo alimtunukia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake. Husemwa kuwa alikuwa na bahati, na kweli alikuwa nayo. Lakini bahati yake ilimkuta njiani akitembea, akiwa na elimu kichwani, na kila alipokosa alikuwa amepunguza mahali pa kutafuta. Kadhalika habari ya Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Mererani, aliyeuza serikalini mawe mawili ya tanzanaiti kwa shilingi bilioni 7.74 mwezi wa Juni 2020, ilienea nchini kote na kuwatia watu moyo wa kuvumilia. Uvumilivu si ahadi ya utajiri, lakini mbele ya ardhi uvumilivu ni tabia ya akili.

Mbele ya mashine mambo yamegeuka. Mchezo wa mia haukumbuki michezo 99 iliyotangulia. Aliyekosa mara 99 hakusogea hata unyayo mmoja. Anaanza pale pale alipoanza, ila mfuko wake umepungua. Usiku wa tarehe 18 Agosti 1913, katika nyumba ya kamari ya Monte Carlo, gurudumu liliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Wachezaji walizidi kuweka fedha juu ya nyekundu, wakiamini kuwa zamu yake imewadia. Gurudumu halina zamu, na fedha zao nyingi zilikwenda. Waliokuwapo hawakuwa wachimbaji wa Nyarugusu. Walikuwa watu wa mji wa kitajiri. Lakini kosa lao ni lile lile: walidhani hasara ya jana ni malipo ya awali ya faida ya kesho. Shimoni dhana hiyo huweza kuwa na chembe ya ukweli. Mashineni haina hata chembe.

Basi mchimbaji wa mfano aliyemo katika nyumba ya wageni hakuangushwa na uvivu wake wala upumbavu wake. Ameangushwa na sifa yake iliyo bora. Yule aliyejifunza kutokata tamaa mbele ya mwamba mgumu hawezi kuondoka mbele ya picha mbili zilizofanana na ya tatu iliyokosa kwa nywele moja. Mashine humwonyesha "karibu" ambayo si karibu, naye huisoma kama asomavyo dalili za mkanda. Mwizi wa kawaida hutumia udhaifu wa mtu: usingizi wake, ulevi wake, au uzembe wake. Mashine hutumia nguvu za mtu. Humchukua kwa subira yake, kwa ushupavu wake, na kwa methali ya babu zake. Ubaya wa namna hii ni mzito kuliko hasara ya fedha, kwa sababu mtu aliyeharibiwa kwa sifa zake njema hubaki hajui aache lipi na ashike lipi.

Yafaa kukumbuka kuwa kucheza si kosa. Bao huchezwa vibarazani kwa kete 64 katika mashimo 32, na wazee wengi wamezeeka nalo bila kufilisika. Neno mtaji, ambalo wafanyabiashara hulitumia kwa mali ya kuanzia, wachezaji wa bao hulitumia pia katika mchezo wao. Lakini katika bao kete zote ziko wazi. Aliyeshindwa huona aliposhindwa. Kesho hurudi na akili zaidi, na huenda akashinda kwa sababu ya akili hiyo. Bao hulipa uvumilivu, kwani kila kushindwa ni somo. Mashine haina somo hata moja la kumpa mchezaji wake, isipokuwa lile la kuondoka, nalo ndilo somo ambalo chumba kizima kimetengenezwa ili asilipate.

Watu wa uhuru watasema kuwa mtu mzima ana haki ya kutumia chake. Hununua bia, hulipa kiingilio cha mpira, huwatuza wachezaji wa ngoma, wala haulizwi. Kwa nini asinunue furaha ya mashine? Jawabu liko katika neno kununua. Anunuaye hujua bei. Bei ya kitanda katika nyumba ile imeandikwa mapokezini, na mgeni akiona ni ghali huenda kwingine. Bei ya mashine haijaandikwa popote. Kama juu ya mlango wake pangeandikwa kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili chepesi ni kiasi gani cha fedha zinazoingia hubaki kwa mwenyewe, na kwamba mchezo wa mwisho haujui mchezo wa kwanza, angeingia aliyeridhika na bei hiyo. Uhuru wa kuchagua bila kujua unachochagua ni uhuru wa kipofu penye njia panda. Tena fedha zile hazikuwa zake peke yake. Ndani yake mlikuwamo bati za mama, deni la dukani na matumizi ya mke, ambao hawakuombwa idhini.

Serikali nayo ina fungu katika jambo hili. Katika Tanzania Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliweka Bodi ya kutoa leseni na kusimamia michezo hiyo, na watoto wa chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kucheza. Kodi hukusanywa, na kodi hujenga shule na zahanati. Majirani wamejaribu njia nyingine: mwaka 2019 Kenya ilikataa kuzipa leseni mpya kampuni kadhaa za kubahatisha matokeo ya michezo, na mwanzoni mwa mwaka huo huo Rais wa Uganda aliagiza leseni mpya zisitolewe. Lakini kufunga mlango hakutoshi, maana kamari iliyofukuzwa ukumbini huhamia uani, na mchezaji wa uani hana hata wa kumlalamikia.

Geita yenyewe imetoa mfano ulio mwema zaidi. Kabla ya mwaka 2019 wachimbaji wengi waliuza dhahabu yao kwa mizani ya mnunuzi na kwa bei ya mnunuzi, na mnyonge hakujua alichopunjwa. Mwezi wa Machi 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa Geita, mizani ikawekwa hadharani, na bei ikajulikana. Serikali haikuzuia watu kuuza dhahabu. Ilizuia giza katika kuuza. Ikiwa mchimbaji astahili kuonyeshwa mizani ya dhahabu yake anapoiuza, kwa nini asionyeshwe mizani ya bahati yake anapoinunua? Anayepunjwa ni yule yule, na fedha ni zile zile, ila barabara moja imekatiza kati ya soko na nyumba ya wageni.

Hoja ya mwisho ni ya mwenye nyumba. Atasema kuwa ameajiri waashi, maseremala na watumishi, na kuwa mji unapendeza kwa jengo lake. Hakuna haja ya kumwita shetani; ni mfanyabiashara kama wengine, na huko Las Vegas hoteli zilijulikana kwa miaka mingi kwa vyumba na vyakula vya bei nafuu, kwa sababu kitanda cha rahisi humleta mtu karibu na meza ya ghali. Lakini atazame jengo lake kwa uangalifu, na mgeni wake alitazame pia. Ukuta mpya ulioinuka mwezi huu, vigae vilivyotandikwa na bomba lililounganishwa vimetoka wapi? Kodi ya vyumba vibovu haikuweza kuvinunua. Nyumba inayoendelea kujengwa ni daftari la hesabu lililoandikwa kwa saruji, na yeyote awezaye kuhesabu matofali aweza kusoma ndani yake bati ambazo hazikupandishwa juu ya nyumba nyingine, mbali na hapo. Kama bahati ingekuwa inagawana sawa baina ya mwenye mashine na mchezaji, matengenezo yangalisimama mara nyingi. Hayasimami.

Kwa hiyo methali ya wahenga ibaki mahali pake. Isemwe shambani mvua inapokatika, ziwani samaki wanapohama, na shimoni mkanda unapopotea. Maana huko aliyepata hakumzidi mwenziwe kwa werevu, na aliyekosa hakukosa kwa ujinga. Katika chumba chenye vigae isisemwe. Humo kupata ni kwa werevu, werevu wa yule asiyecheza. Na kukosa ni kwa ujinga, ujinga ambao mchezaji hakuzaliwa nao bali amewekewa makusudi, kama pazia linavyowekwa dirishani. Kumwondolea pazia hilo ni wajibu wa wale wanaojua hesabu kwa wale wanaojua mwamba. Akiisha kuona, aamue mwenyewe kama atalala siku mbili au tisa.